Gumzo la ukoo: dodoso la dini

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimejaza lile dodoso la mtandaoni, Belief-O-Matic. Maswali 20, kisha linakupangia dini kwa asilimia. Yangu ya kwanza Quaker wa mrengo huria, dhehebu lenye asili ya Kikristo, 100% 🙈

Baba Neema: Quaker? Na ubatizo wako je?

Neema: Ubatizo sijaulizwa baba 😂

Kaka Deo: Wala wao wasingekuuliza. Quaker hawabatizi kwa maji, tangu enzi za mwanzilishi wao George Fox huko Uingereza, karne ya 17.

Baba Neema: Deo, usimsaidie.

Shangazi Mwanaidi: Linauliza nini hasa?

Neema: Mungu ni mmoja, wengi, au hayupo. Ukifa unakwenda wapi. Kwa nini kuna uovu. Halafu talaka, vita, kutunza mazingira.

Shangazi Mwanaidi: Na kuswali? Kufunga?

Neema: Kuna swali la ibada na sala, shangazi, lakini ni kama unaona zina umuhimu. Unazifanya au huzifanyi, hilo halimo.

Shangazi Mwanaidi: Basi sisi limetupunja. Nguzo za Uislamu ni tano. Shahada ndiyo ya kutamka imani, nne zilizobaki ni vitendo: sala, zaka, saumu, hija. Mtu anaweza kujibu vizuri kabisa na Ramadhani nzima anakula mchana.

Kaka Deo: Wayahudi nao wangelalamika hivyohivyo. Kwao mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, hata asipoamini chochote.

Binamu Zuhura: Mbona kila ninayemjua anatoka Quaker huria au Unitarian Universalist? Mimi pia!

Kaka Deo: Kwa sababu hao hawana kanuni ya imani ya kumfunga mtu. Hao Unitarian Universalist wenyewe ni madhehebu mawili ya Marekani yaliyoungana mwaka 1961, na ndani yao wapo hata wasioamini Mungu. Ukijibu "sina hakika" mara kadhaa na ukapenda haki za watu, utaangukia hapo tu.

Kaka Deo: Jambo lingine ni uzito. Kila swali unachagua kama lina umuhimu mkubwa, wa kati au mdogo. Nimerudia kwa majibu yaleyale, nikapandisha swali la Mungu peke yake, orodha ikajipanga upya. Na hiyo 100% haimaanishi unakubaliana nao kwa kila kitu, waandishi wake wenyewe wanasema.

Neema: Sasa mbona mnaniharibia 😭

Binamu Zuhura: Mimi naogopa kitu kimoja, haya majibu yanakaa wapi? Ulaya sheria ya kulinda data iliyoanza kutumika 2018 inaweka dini kwenye taarifa nyeti, pamoja na afya. Msiweke majina wala barua pepe.

Mama Mdogo: Baba Neema kanyamaza. Anajaza huyo.

Baba Neema: Nimemaliza.

Neema: Ehee?

Baba Neema: Othodoksi wa Mashariki 100%. Katoliki 100%.

Shangazi Mwanaidi: Sare! 🤣 Katoliki na Othodoksi mmeachana tangu 1054, leo dodoso limewasuluhisha.

Baba Neema: Katoliki imo, inatosha. Neema, wewe tafuta la kumwambia padri.