Udongo unagota chini ya jembe: nilime zaidi ao nibadilishe mazao?

Mkulima_Kabare: Bonjour wote. Mi niko Bukavu lakini shamba letu liko ku Kabare, kwenye mteremko, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mama alilima hapo mihogo na maharagi miaka mingi, mi nikaendelea vile vile, kila sezoni tunapindua yote kwa jembe, Septemba na tena Februari. Juzi mvua ilipiga saa moja tu, maji yakateremka mu njia mekundu sawa mafuta ya mawese. Kesho yake nikachimba shimo, juu kumelowa vidole vinne, chini kukavu kabisa! Kisu kinaingia vizuri mpaka kama sentimita 15, kisha kinagota. Na mihogo niliyong'oa imelala upande, haikushuka. Watu wananiambia nilime chini zaidi. Njo dawa kweli?

Mama_Sezoni: Pole ndugu. Hilo tabaka gumu limefanywa na jembe lenyewe. Ukilima kina kile kile kila mara, chuma na miguu vinabonyeza udongo wa chini, na ukilima ungali unanata njo unauharibu zaidi. Juu unaona laini lakini ni unga, mvua ikiupiga unaziba vitundu, jua likiwaka unakauka sawa ganda, maji hayapati mlango. Fanya hivi: twaa bonge kavu la shamba, na lingine kwenye mpaka palipo majani ya miaka, tia kila moja mu glasi ya maji, usitikise. Kwangu la shamba lilimeguka likawa tope mbele sijamaliza kufunga kilemba, la mpakani lilikaa mpaka jioni, na ni udongo mmoja, mteremko mmoja! Mizizi midogo ya majani pamoja na vijidudu inatoa kama gundi, ndiyo inashikanisha punje. Kila ukipindua unaingiza hewa, mboji inaoza mbio, gundi inaisha.

Goma_Lave: Wengine watakuambia uangalie Goma tunavyolima bila shida, usifuate, udongo wetu ni wa volkano, mwepesi, litre moja ikikauka mara nyingi haifiki gramu 900. Wako wa mfinyanzi kilo moja na gramu 200 bado ni mzuri, ukikaribia kilo moja na nusu mizizi inateseka. Sukuma kopo wazi pande zote mbili mu udongo, litoe limejaa, kausha, pima uzito, kisha ugawe kwa litre za kopo.

Papa_Mbaazi: Mazao nayo yanahusika, watu wanasahau. Mihogo inachelewa kufunika, miezi mitatu hivi ardhi iko wazi, na siku ya kung'oa unapindua shamba tena. Maharagi mizizi ni mifupi, majani yanaoza haraka. Sikuambii uache, tutakula nini? Lakini ingiza mbaazi, mzizi wake wa kati unashuka mbali, ukikata mti usiung'oe, ule mzizi ukioza unaacha tundu na maji yanapita humo. Panda pia mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha mifugo, kwa mistari ya kukata mteremko.

Lushi_Matuta: Niko Lubumbashi, naomba niongeze juu mi niliumia. Niliacha kulima ghafla, mabua ya mahindi mbuzi zikayamaliza, shamba likabaki uchi, na udongo ukashikana kuliko zamani, mavuno yakaanguka. Kuacha kulima bila kufunika ardhi ni hasara. Vunja hilo tabaka mara moja, kwenye mistari ya kupanda tu, udongo usiwe umelowa, kisha usipindue tena na mabua yabaki pale.

Mkulima_Kabare: Asanteni sana wakubwa. Nimefanya ya glasi leo asubuhi, bonge langu limeisha nikiwa bado nalitazama, imeniuma juu ni shamba la mama. Februari nitavunja mistari tu upande wa chini, nitie mahindi na mbaazi, wa juu nitalima sawa zamani ili nione tofauti. Ya mbuzi nimeshaongea na jirani, amekubali kuzifunga ila nimkatie mabingobingo.

Mama_Sezoni: Mkatie, hayo mabingobingo yanaota tena. Mabua hayarudi.