Semina ya SATA na SAS hapa Tabora: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho wala msiuunganishe na ule wa matapeli wa mikopo. Huu una mambo yake.

Wiki iliyopita kumefanyika hapa Tabora semina ya wahandisi na mafundi wa TEHAMA. Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kanda nzima ya magharibi, likinadi "mafunzo ya kina ya itifaki za SATA na SAS, kuanzia kwenye waya hadi kwenye amri". Kwa asiyejua, SATA na SAS ni njia mbili za kuunganisha diski na kompyuta, na itifaki ni kanuni za mazungumzo yao. Laki nne kwa kichwa, chai ya saa nne na cheti humo humo. Waandaaji siwataji. Waliokuwepo wanawajua, na wao wenyewe wanapita humu kila siku.

Watu wametoka mbali jamani. Wa Kigoma wamekuja na treni, wa Kasulu na Kibondo wameshinda kwenye basi, wa Nzega na Urambo ndio wakajiona majirani. Mmoja anatunza seva ya hospitali, mwingine kompyuta za chama cha ushirika cha tumbaku, mwingine yuko kituo cha redio, na wengi wetu tunaishi kwa kufunga kamera za ulinzi madukani. Hawa si watu wa kuonyeshwa picha ya disketi.

Na ndicho tulichoonyeshwa. Asubuhi yote ya kwanza imeishia kwenye historia ya kompyuta, mchana tukaelezwa mazabodi ni nini. Nikajipa moyo kwamba mkufunzi anapasha misuli. Kesho yake akafika kwenye SATA yenyewe, na hapo nikatamani arudi kwenye disketi.

Kaandika kwamba SATA ya gigabiti 6 kwa sekunde inasafirisha megabaiti 750. Kagawanya kwa nane, kaendelea na safari. Dada mmoja mhandisi kutoka Kasulu akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, si ni 600?" Naye alikuwa sahihi kabisa. SATA haina waya wa saa. Mpokeaji anaiokota saa kutoka kwenye mabadiliko ya mawimbi yenyewe. Kwa hiyo kila biti 8 za data zinageuzwa kuwa biti 10 kabla ya kupanda kwenye waya, ili moja na sifuri zisijipange mfululizo mrefu mpokeaji akapotea. Unagawanya kwa 10. Ndiyo maana ile ya 1.5 inatoa 150 na ya 3 inatoa 300. Mkufunzi kajibu nini? "Hayo ni ya kina sana, tutayagusa mwishoni." Tangazo lilisema kina! Na huko mwishoni kilichoguswa ni maji ya chupa na picha ya pamoja.

Ikaja SAS. Eti SAS ni SATA ya watu wenye hela, "unaweza kuzibadilishana tu". Jamani, huyu mtu anataka watu wafukuzwe kazi. Diski ya SATA inaingia kwenye soketi ya SAS, na kontrola ya SAS (chipu inayoendesha diski) inajua kuzungumza nayo. Kinyume chake hakuna: diski ya SAS haiingii kwenye soketi ya SATA, kile kipande cha plastiki katikati kimewekwa makusudi kuizuia. Hata ungelazimisha, SAS inaongea amri za SCSI na SATA inaongea amri za ATA, lugha mbili tofauti. Tena diski ya SAS ina milango miwili ya data, ili njia moja ikikatika nyingine iendelee, na hiyo ndiyo sababu seva za maana zinaitumia. Sasa chukua afisa wa halmashauri aliyetoka kwenye semina hii na cheti chake, aagize diski za SAS kwa ajili ya kompyuta za mezani. Mzigo ukishapokelewa na kusainiwa, nani ataurudisha?

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile slaidi ya jinsi diski na kompyuta zinavyoamkiana. Ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, ina zile ishara za kuamkiana, COMRESET, COMINIT na COMWAKE, na mishale yake yote. Akaipitisha kama anakimbizwa. Wakuu, riziki yetu sisi mafundi wa huku iko kwenye slaidi ile! Kompyuta inatuma COMRESET, diski inajibu COMINIT, kisha kila upande unatuma COMWAKE, ndipo zinaanza kutafuta kasi kwa kuanzia ya juu na kushuka. Ukijua mpangilio huo, diski isipoonekana unajua pa kuanzia: je, haijibu kabisa, au inajibu lakini haziafikiani kasi? Na ikitokea waya ni mbovu, diski ya 6 inaweza kuishia kufanya kazi kwa 1.5 na hakuna kengele itakayolia. Linux inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba inaishusha kasi, ila nani amefundishwa kuzisoma? Mteja analalamika mashine nzito, fundi anapiga Windows upya, mashine inabaki nzito vile vile, fundi anasema diski imekufa.

Haijafa! Tazama SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe, namba 199. Ile inahesabu makosa ya CRC, yaani data iliyoharibikia njiani kati ya diski na kontrola. Haishuki hata ukishatengeneza, kwa hiyo usiogope namba yenyewe, angalia kama inaongezeka. Ikiongezeka, shuku waya kwanza kabla ya kuhukumu diski. Waya wa SATA una kikomo cha mita moja, una pini saba tu, jozi ya kutuma, jozi ya kupokea na graundi tatu, na ule mwembamba wa bei chee unaouzwa kwa mafungu ndio adui. Ni diski ngapi nzima zimetupwa Tabora hii, mteja akaagiza nyingine Kariakoo akalipia na usafiri wa basi, wakati tatizo lilikuwa ni waya? Semina ya saa mbili juu ya hilo tu ingerudisha laki nne yangu na chenji juu.

Kuna jamaa alikuja na diski yake kubwa mpya kwenye begi, haizunguki kabisa kwenye kompyuta yake ya zamani. Akamwonyesha mkufunzi. Jibu: imekufa, rudisha ulikonunua. Wakati wa chai mzee mmoja wa kamera za ulinzi akaitazama, akamuuliza pawasaplai ni ya mwaka gani, akacheka. Tangu toleo la SATA 3.3 la mwaka 2016, pini ya 3 ya upande wa umeme imepewa kazi ya kuzima diski kwa amri. Pawasaplai za zamani zinamwaga volti 3.3 kwenye pini hiyo hiyo, diski inadhani imeambiwa ilale. Mzee akatoa adapta ya Molex (ile plagi ya umeme ya zamani yenye pini nne), ambayo haina volti 3.3, wakachomeka kwenye kompyuta ya mapokezi ya ukumbi, diski ikazunguka. Mkufunzi alikuwa anakula sambusa mita mbili kutoka pale. Hakuuliza hata ni nini kimefanyika.

Vifaa? Hakuna. Sisemi waje na analaiza ya itifaki, kile kifaa cha kunasa mazungumzo kwenye waya, hiyo bei yake tunaijua. Ila laptop moja yenye Linux, diski chakavu mbili na waya mbovu mmoja vingewashinda? Semina ya diski isiyo na diski! Fundi simu wa pale stendi ana vifaa kuliko ukumbi ule.

Halafu cheti. Changu kimeandikwa nimehitimu "mafunzo ya juu ya STATA". STATA ni programu ya takwimu. Na vilikuwa vimesainiwa tangu asubuhi ya kwanza, vimepangwa kwenye boksi pale mlangoni.

Mimi naamini mkufunzi yule hakuwahi kuzisoma hizo itifaki, kapewa slaidi za mtu mwingine akapandishwa basi. Na naamini waandaaji walijua. Hesabu yao ni rahisi: wahandisi wanahitaji kuonyesha kwamba wanajiendeleza kitaaluma, ofisi nyingi zinalipa bila kuuliza, na watu wa mikoani watashukuru tu kukumbukwa. Dar wasingethubutu, wangezomewa kabla ya chai.

NYONGEZA: naona mdau hapo chini anasema SATA imepitwa na wakati, tungedai NVMe, ile njia mpya zaidi ya kuunganisha diski za SSD. Mkuu, karibu Tabora ufungue DVR (boksi la kurekodia kamera) ya duka lolote, utaniambia umekuta nini ndani. NVMe tunaitaka pia, na ingekuwa vizuri mtu aeleze kwa nini AHCI, ambayo kompyuta hutumia kuzungumza na diski za SATA, ina foleni moja ya amri 32 wakati NVMe inabeba maelfu ya foleni. Lakini huwezi kuelewa foleni kubwa wakati ya amri 32 yenyewe, NCQ (diski kujipangia amri zilizo kwenye foleni), ilirukwa eti muda umeisha.

Na wewe unayesema yote yako YouTube: sawa, basi wanirudishie laki nne ninunue bando.

Tunachotaka ni kimoja kati ya viwili, warudishe nusu ya ada au walete mtu anayeijua kazi, na vifaa vyake, bila kutulipisha tena. Tunaandika barua ya pamoja. Uliyekuwepo ukumbini njoo PM na picha ya risiti uliyopewa, hata kama ni ile karatasi ya mkono isiyo na mhuri. Ya EFD sijakutana na mtu aliyepewa mpaka sasa, na hilo nalo linaingia kwenye barua.