Mjadala: Je, Waarem waendelee kuhesabiwa chini ya jina la Wachứt?

Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba orodha ya makabila 54 ambayo Vietnam iliitangaza mwaka 1979 iachwe ilivyo, kwa sababu ukianza kuwagawanya Wachứt, mojawapo ya makabila hayo, ambao kwa ujumla wao ni zaidi kidogo ya watu 7,000, utabaki na vikundi vya watu mia chache ambavyo hakuna serikali itakayoviandikia vitabu vya shule. Naiheshimu hoja hiyo, maana aliyeitoa anawafikiria watoto. Hata hivyo siikubali.

Jina la Chứt linawafunika Warục, Wasách, Wamày, Waarem na Wamã Liềng, watu wa milimani karibu na mpaka wa Laos. Kirục, Kisách na Kimày ni lahaja za lugha moja, na kuwaweka wasemaji wake pamoja si dhuluma. Anayetaka kila kijiji kiitwe kabila amepita kiasi. Kiarem na Kimã Liềng ni habari nyingine. Zote ni za tawi moja na Kivietnam ndani ya familia ya Kiaustroasia, lakini ziliachana zamani, na wanaisimu wanazihesabu kuwa lugha tofauti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabishano ya wasomi tu. Basi tukumbuke kuwa mwaka 1912 Henri Maspero, msomi mkubwa wa Ufaransa, alikiweka Kivietnam chenyewe upande wa lugha za Kitai, jamaa za Kithai cha Thailand, na ushahidi wake mmoja mkuu ulikuwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, ambazo lugha za Kitai nazo zinazo. Ilipita miaka zaidi ya 40 ndipo André-Georges Haudricourt, mwaka 1954, akaeleza jinsi toni hizo zilivyozaliwa baadaye, konsonanti za mwisho wa neno zilipodondoka. Tazameni neno la pua: kwa Kikhmer cha Kambodia, nacho cha familia ya Kiaustroasia, ni chramoh, na h ya mwisho ingalipo, kwa Kivietnam ni mũi, h imepotea na mahali pake pamebaki toni. Kosa la namna hii tunalijua sisi wenyewe, kwani ni mara ngapi tumeambiwa kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa kuwa tunahesabu sita, saba na tisa, kana kwamba mbili, tatu, nne na ngeli zetu zote hazipo?

Ushahidi wa kusahihisha makosa kama hayo mara nyingi umo katika lugha ndogo. Kuku kwa Kivietnam ni gà, silabi moja tu. Mrục husema rəka, na kile kisilabi cha mbele ndicho kinachoonyesha g ya Kivietnam imetoka wapi: k iliyokuwa katikati ya neno ililainika, kisha silabi iliyoitangulia ikaanguka. Mamilioni ya Wavietnam hutamka gà kila siku, na asili ya neno hilo imetunzwa na watu mia kadhaa ambao hawana hata mstari wao katika jedwali la sensa.

Hapo kwenye sensa ndipo ninaposimama. Sidai kwamba kila lugha ya watu mia chache ipewe mtaala kamili, wala kwamba Waarem wajitenge na majirani zao. Ninachodai ni jina na hesabu. Asomaye jedwali leo anaona Wachứt wanaongezeka, naye anaridhika, hali hawezi kujua kama Waarem wameongezeka au wamepungua, wala kama watoto wao wangali wanaisema lugha ya bibi zao. Ukiwaandika Waarem na Wamã Liềng kwa majina yao, hata kama ni chini ya kichwa kilekile cha Chứt, hukuongeza gharama ya shule hata moja.

Anayetetea orodha ya 1979 atueleze basi: Kiarem kikinyamaza kabisa, ni ukurasa upi wa takwimu za taifa utakaoonyesha kwamba kimenyamaza?