Wamevunja selo yangu na nyatiti ya marehemu baba, sasa wanasema nilifunga mzigo mwenyewe

Wadau, nimevumilia wiki saba na leo uvumilivu umeisha. Nimekaa Leeds miaka 11, nimerudi nyumbani Kisumu, huku Mamboleo, na vitu nilivyovithamini kuliko vyote kwenye mzigo wangu vimefika vikiwa kuni. Makochi yamefika salama, sufuria zimefika salama. Zilizoharibika ni ala za muziki: selo moja, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, na nyatiti ya marehemu baba, kinubi cha Kijaluo, niliyoondoka nayo hapa nikiwa kijana. Fidla mbili ndogo za watoto zimepona, Mungu ni mwema.

Jina la kampuni sitalitaja kwa sasa kwa sababu madai hayajafungwa. Walichofanya nakieleza chote.

Mjue kwamba sikuzembea. Orutu yangu, fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja, niliiacha kule kwa rafiki kwa sababu ngozi yake ni ya kenge, na kenge yumo kwenye orodha ya wanyama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. Sikutaka mvutano na mtu yeyote bandarini. Selo niliitia kwenye kasha lake gumu, nikalegeza nyuzi kidogo tu, maana ukizilegeza kabisa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, linalala na kile kijiti kinachosimama ndani ya tumbo la selo kinaanguka. Nikaweka kitambaa chini ya daraja. Nikawaambia kwa mdomo na kwa barua pepe: hii isimame au ilale peke yake, isiwekewe kitu juu.

Vijana wawili wa kampuni wakaja na gari. Wakasema hawapakii kitu ambacho hawajakifunga wao. Sawa. Wakafungua kasha mbele yangu, wakatazama, wakalifunga, wakalizungushia katoni na utepe. Nyatiti wakaivingirisha kwa plastiki ya mapovu kutoka juu hadi chini. Mama watoto akawapiga picha wakiwa kazini, wamevaa fulana zenye nembo ya kampuni, alitaka tu kumtumia dada yake aone tunavyohama. Picha hizo ndizo ninazozishikilia leo.

Walipomaliza wakanipa orodha ya kurasa nne nitie sahihi, mvua inanyesha, gari linanguruma. Mbele ya kila ala kulikuwa na herufi tatu, PBO. Sikuuliza. Nimekuja kujua baadaye kwamba maana yake ni "packed by owner", mzigo uliofungwa na mwenyewe, na kwamba bima nyingi za kuhamisha nyumba hazilipi kitu kilichovunjika ndani ya boksi la namna hiyo. Zinalipa boksi likipotea lote, au meli ikizama. Nilitoa asilimia 3 ya thamani ya pauni 4,200, yaani pauni 126, nikanunua bima ambayo kijana wao alikuwa ameshaiua kwa kalamu kabla gari halijatoka nje ya geti. Na ofisi iliyopokea zile pauni iliijua orodha hiyo.

Kuchelewa silalamikii sana. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hilo halikuwa kosa lao. Karatasi ndizo zilizoniumiza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayerudi kuishi aingize vitu vyake vya nyumbani alivyovitumia bila ushuru, lakini viingie ndani ya siku 90 tangu alipofika mwenyewe. Kontena letu la kuchangia lilifika Mombasa siku ya 71. Hati ya shehena, karatasi ya meli ya kutolea mzigo bandarini, wakaikalia Uingereza siku 16. Kila nikimpigia wakala wao wa Mombasa jibu ni lile lile: "Mzee, lipa kwanza pesa ya stoo, hayo mengine tutaongea." Stoo ya siku ambazo wao ndio waliokalia karatasi! Nililipa. Na ni jamaa yangu aliyewahi kurudi kutoka nje ndiye aliyeniambia kwamba unaweza kumwomba kamishna wa forodha aongeze muda, hata kufikia siku 360. Kampuni niliyoilipa ishughulikie mambo hayo haikunitamkia hilo hata siku moja.

Lori likafika Mamboleo Jumamosi alasiri. Nilifungulia selo barazani. Juu ya kasha kulikuwa na alama ya duara, imedidimia, upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Hatua moja pembeni, nyingine. Zilikuwa nne. Ni miguu ya mashine ya kufulia, wadau. Na mimi sikusafirisha mashine ya kufulia, kwa hiyo ilikuwa ya mtu mwingine ndani ya lile kontena, ikapandishwa juu ya selo yangu. Ndani, shingo imekatika pale inapoungana na kiwiliwili, uso umepasuka kufuata mshipa wa mbao, na nikiinua nasikia kile kijiti kikibingirika tumboni.

Nyatiti ngozi imechanika na mkono mmoja umevunjika. Ngozi inawambwa upya, nyuzi nane si tatizo, na mkono utachongwa mwingine. Lakini pembeni mwa nyatiti ile kuna kishimo kilichochimbwa na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu wa baba, miaka na miaka ya kugonga mdundo pale pale. Kishimo kipo. Pete, ile tunayoiita oduong'o, niliifunga kwa uzi kwenye mkono wa nyatiti, na haipo. Kwenye orodha yao nyatiti imeandikwa "kitu cha mbao, kikuukuu, kimechakaa." Kwa hiyo hata hiyo wanasema iliharibika zamani.

Niliandika madai siku ya pili, na mkataba unanipa siku saba. Nikatuma picha 31. Wiki tano baadaye likaja jibu la mistari mitatu: PBO, pole kwa usumbufu. Nikawatumia picha za vijana wao wakifunga. Wakajibu kwamba vijana "walikuwa wakinisaidia tu."

Nimepeleka selo Kibuye kwa fundi wa viti ninayemwamini. Ameigeuza, ameirudisha polepole mikononi mwangu: "Mwalimu, hii nikiipiga gundi yetu ya mbao nitakuwa nimeiua. Hata atakayekuja kuitengeneza baadaye hataweza kuifungua." Yeye, ambaye hajawahi kushika selo, amekuwa mwangalifu kuliko watu waliolipwa kuibeba. Na kanisani Nyalenda nina watoto 14 niliowaahidi selo tangu nikiwa Leeds.

Sitaki pole. Nataka pauni 4,200 zangu, pesa ya stoo, na mtu aende akafagie kila kona ya ghala lao, huku na kule, atafute pete ya chuma ya ukubwa wa kidole gumba cha mguu. Aliyewahi kubishana na kampuni kuhusu hiyo PBO akashinda, tafadhali aniambie alianzia wapi, kwa bima au kwa mahakama ya madai madogo kule Uingereza. Na aliye na mzigo unaofungwa wiki hii, shika orodha yako kabla hujatia sahihi, tafuta herufi hizo tatu, wafanye wazifute mbele yako.