Head Hunters au Thrust: bendi ya watu watano ianze na ipi?

Kinanda88
Wakuu, habari zenu. Bendi yetu ni kinanda, besi, drams, saksafoni na tumba, mpangilio uleule wa Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi wa Marekani. Tunataka kujifunza albamu yake moja nzima. Tuanze na Head Hunters (1973) au Thrust (1974)? Mpiga drams ametokea muziki wa dansi, mapigo anayashika vizuri ila fanki (muziki wa mdundo wa Wamarekani weusi) ni ngeni kwake.

Besi_Chini
Head Hunters. Nyimbo ni 4 tu, na Chameleon, dakika 15 na ushee, sehemu yake ya kwanza yote imesimama juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) mbili: B-fleti maina saba na E-fleti saba. Linalowaponza wengi ni besi. Ile mnayoisikia mwanzoni ni Hancock mwenyewe kwenye sinthesaiza ya ARP Odyssey. Paul Jackson anaingia baadaye, juu kabisa ya shingo ya gitaa la besi, ndiyo maana watu hudhani kuna gitaa la ridhimu. Halipo albamu nzima.

Studio vinanda vinarekodiwa kimoja juu ya kingine, jukwaani mna mikono miwili tu. Gawaneni hivi: gitaa la besi lichukue mstari wa chini, mkono wa kushoto wa kinanda ucheze kipande cha Jackson kwa sauti ya klavineti (kinanda cha umeme chenye nyuzi), wa kulia ubaki na kodi. Mstari hupanda G, A-fleti, A, ukatua B-fleti. Kisha C, D-fleti, D, ukatua E-fleti. Unaharibikia kwenye mianya baada ya kutua. Mpiga besi akiijaza, wimbo unakuwa mzito na haunyanyuki tena.

Drams_Kavu
Naunga mkono, kwa sababu ya drams hasa. Kwenye Head Hunters Harvey Mason anakupa pa kushika. Thrust ni Mike Clark, na wimbo wake Actual Proof unamchanganya hata mzoefu: mapigo mepesi ya sneya (ngoma ndogo yenye nyuzi chini) yanatiririka kati ya hai-hati (matoazi mawili ya mguu) na ngoma ya mguu, na pigo la kwanza la baa (fungu la mapigo) mara nyingi linafichwa. Bendi isiyohesabu pamoja inapotea kabla hata solo haijaanza. Mkifika huko, anzeni polepole, mapigo 70 kwa dakika, mpiga besi akigonga mguu kila pigo la kwanza. Sneya nyepesi ipigwe fimbo ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ukiinua mkono inakuwa pigo kamili na mtiririko unakatika.

Mwambao
Mimi ningeanza nje ya zote mbili: The Meters, albamu yao ya kwanza ya 1969. Watu wanne wa New Orleans, nyimbo fupi, na Cissy Strut inafundisha kuacha nafasi haraka kuliko dakika 15 za Chameleon.

Saksi_Mwile
@Mwambao kwa drams na besi ni sawa, lakini pale hakuna saksafoni, mtu wao atakaa bure. Mpuliza saksafoni Bennie Maupin ndiye pekee Hancock aliyebaki naye kutoka bendi yake ya awali iliyoitwa Mwandishi, na Vein Melter, wimbo wa Head Hunters, inaonyesha sababu: klarineti besi, taratibu, pumzi nyingi. Kama hamna klarineti besi, tumieni saksafoni ya tena (tenor) kwenye noti za chini, puliza laini bila kutetemesha sauti.

Tumba_Mbili
Msisahau Watermelon Man, nayo ya Head Hunters. Ule mwanzo ni Bill Summers akipuliza chupa ya bia, kwa kuiga hindewhu (filimbi inayopokezana na sauti ya mpulizaji) ya Babenzele, jamii ya Afrika ya Kati. Ongeza maji, sauti inapanda, punguza, inashuka. Linganisheni sauti yake na kinanda kabla ya kupanda jukwaani, na iwe na maikrofoni yake, la sivyo drams zinaimeza. Wimbo wa Sly uacheni mwisho: kasi inabadilika katikati, tumba na drams zikikosana hapo bendi yote inayumba.

Kinanda88
Nimewaelewa. Chameleon kwanza, Vein Melter inafuata. Na kile kipande cha katikati ya Chameleon, kabla ya solo ya Rhodes (piano ya umeme), mnaingiaje?

Besi_Chini
Kwa ishara. Mpiga kinanda atikise kichwa baa 2 kabla, besi iache kabisa mstari wa mwanzo, drams zilegee. Mkihesabu baa bila ishara, solo ikirefuka mtaachana.