Mashine ya kuoshea vyombo yenye vyumba viwili: je, ukuta wa kati unatosha?

FundiBati_Kizota aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nina karakana ya kuchomelea hapa Kizota, Dodoma, na kazi zetu za kawaida ni masinki, meza za jikoni na majiko ya migahawa. Mteja wetu mmoja, anayeuza chakula kwa wafanyakazi wa Mji wa Serikali kule Mtumba, ametuomba tumtengenezee mashine ya kuoshea vyombo kwa sharti moja: glasi na vikombe vioshwe chumba chake, sahani na sufuria chumba kingine, ndani ya mashine hiyohiyo. Sababu zake nazielewa. Asubuhi anauza chai, mchana ugali kwa samaki, nyama au mlenda, na hakuna mteja anayevumilia kikombe cha chai kinachonuka samaki. Isitoshe, asubuhi vyombo vinavyochafuka ni vikombe tu, naye haoni kwa nini achemshe maji ya mashine nzima kwa ajili ya hivyo.

Mchoro wangu wa kwanza ni huu. Boksi la chuma cha pua linagawanywa kwa ukuta wa kusimama katikati. Chini kuna beseni moja la kukusanyia maji, pampu moja na hita ya kilowati 3. Kutoka kwenye pampu bomba linagawanyika kwenda kwenye mikono miwili ya kunyunyizia, mmoja kila upande. Sahani ni za udongo, sufuria ni za alumini, na baadhi zina masizi kwa sababu ugali wa wengi bado unasongwa kwenye kuni. Maji yanakuja kwa mgao, kwa hiyo mashine itategemea simtanki lililo kwenye mnara wa mita tatu hivi.

Naomba kujua kama ukuta huo unatosha kutenganisha uoshaji, na kama kuna njia ya kupunguza maji bila kuharibu usafi. Nitashukuru zaidi kwa majibu ya watu waliowahi kufungua mashine hizi na kuona zilivyo ndani.

Mhandisi_Nghonghonha alijibu:

Ndugu Fundi, ukuta peke yake hautakusaidia. Mashine ya kuoshea vyombo haioshi kwa maji mapya kila sekunde. Inachota kiasi kidogo, inakipasha moto, kisha inakizungusha tena na tena kutoka kwenye beseni la chini hadi kwenye mikono na kurudi. Kwa mchoro wako, maji yaliyopiga sahani ya samaki yanaporudi kwenye beseni hilo moja, pampu itayapeleka kwenye vikombe muda huohuo. Utakuwa umetenganisha vyombo bila kutenganisha maji, na harufu inasafiri na maji.

Kutenganisha vyombo ni jambo la zamani sana. Josephine Cochrane wa Marekani, aliyepewa hataza ya mashine yake mwaka 1886, alitengeneza vizimba vya waya vilivyopimwa kulingana na umbo la sahani, vikombe na visosa, na maji ya moto yenye sabuni yakarushwa juu yake ndani ya chombo kimoja. Mashine hiyo ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, na hoteli na migahawa ndiyo iliyoipokea mapema. Kama tatizo la mteja wako lingekuwa vyombo kugongana na kuvunjika, ningekwambia utengeneze vizimba vizuri uishie hapo. Kutenganisha maji ni hatua nyingine. Mfano unaofahamika ni mashine ya droo mbili ambayo kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand iliiingiza sokoni mwaka 1997: kila droo ina pampu yake na mkono wake wa kunyunyizia, na ukiifunga, kifuniko hushuka na kuikandamiza ili maji yasitoke. Droo moja inaweza kufanya kazi wakati nyingine imelala. Hicho ndicho mteja wako anachokitaka, hata kama hajawahi kukiona.

Kwa hiyo weka mabeseni mawili, machujio mawili na pampu mbili ndogo. Najua utafikiria pampu moja yenye valvu ya kuchagua upande. Inawezekana, lakini ndani ya pampu na bomba hubaki maji machafu kila unapogeuza valvu, na valvu yenyewe ndiyo itakayonasa mifupa ya samaki. Pampu mbili ndogo ni ghali wakati wa kununua tu.

Jambo linalowakamata wengi ni kudhani kwamba ukigawa mashine mara mbili, kila chumba kitahitaji nusu ya maji. Sivyo. Pampu ikianza, sehemu kubwa ya maji huwa imeshika kwenye kuta, kwenye vyombo na ndani ya mabomba, na kinachobaki kwenye beseni lazima kitoshe kuufunika mdomo wa pampu. Kikipungua, pampu inanyonya hewa, unasikia inakoroma, na mkono unaacha kuzunguka kwa sababu nguvu inayouzungusha ni mrusho wa maji yanayotoka kwa mshazari kwenye matundu yake. Ukuta wa kati unaongeza eneo la kulowana pande zote mbili. Anza majaribio na lita 3 kwa chumba cha vikombe na lita 5 kwa chumba cha sufuria, uongeze taratibu mpaka mkoromo uishe.

Sasa suala la kuokoa maji, ambalo kwangu ndilo lenye faida kubwa katika mashine hii. Mashine kubwa za mkanda zinazotumika kwenye hoteli hupitisha maji kinyume na mwendo wa vyombo: maji safi huingia kwenye suuza ya mwisho, yakitoka hapo yanakwenda kwenye tangi la kuoshea, kisha kwenye tangi la kulowekea vyombo vilivyo vichafu kabisa. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwa vyumba viwili ukiviweka juu na chini badala ya ubavu kwa ubavu. Chumba cha vikombe kiwe juu, cha sufuria kiwe chini, na kati yake pawe na tangi dogo la kupokelea maji. Vikombe vioshwe kwa lita 3 za maji ya nyuzi 55, visuuzwe kwa lita 3 za maji baridi, kisha visuuzwe tena kwa lita 3. Maji ya mkupuo wa kwanza na wa pili yakichanganyika kwenye tangi yanakuwa lita 6 zenye nyuzi 40 au pungufu kidogo, na hayo yanafaa sana kulowekea sahani na sufuria, kwa kuwa mabaki ya mayai, maziwa na damu ya nyama hayataki maji ya moto mwanzoni. Yakipigwa na joto kali yanaganda na kushika chombo. Lita 3 za suuza ya mwisho ya vikombe zitaongezwa lita 2 mpya ziwe maji ya kuoshea chini. Suuza ya mwisho ya sufuria iwe ya maji mapya kabisa, lita 5. Ukijumlisha, unatumia lita 16, wakati kila hatua ikitumia maji yake, lita 3 mara tatu juu na lita 5 mara tatu chini, ungetumia lita 24. Kila kitu kishuke kutoka kwenye usafi kwenda kwenye uchafu; siku tangi hilo litakapopata njia ya kurudi juu, mashine nzima imepoteza maana.

La mwisho kwa leo ni alumini. Sabuni za mashine nyingi zina magadi makali, na magadi hula alumini na kuifanya kuwa nyeusi. Kwa kuwa vyumba vimetengana, chumba cha chini unaweza kukiwekea sabuni ya upole na muda mrefu zaidi, badala ya kuilazimisha sabuni moja ihudumie vyote. Hiyo ni faida ya vyumba viwili ambayo mteja hakuitaja.

UmemeNuru alijibu:

Naongezea upande wa umeme tu. Plagi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 haivuki wati 2,990, na mashine itakayopasha moto mfululizo haifai kuifikisha huko. Plagi itaanza kubadilika rangi kabla fyuzi haijakatika. Mkiweka hita mbili za kilowati 1.8, moja kila chumba, zikiwaka pamoja zinavuta zaidi ya ampea 15 hata kabla ya pampu. Zifungeni kwa kontakta (swichi nzito za umeme) zenye kuzuiana, ili moja ikiwaka nyingine isiweze kuwaka. Hasara ya muda ni ndogo: lita 5 kutoka nyuzi 24 hadi 60, pamoja na kilo 10 za sahani za udongo, zinahitaji takriban uniti 0.3, yaani dakika kumi hivi kwa hita moja. Chumba cha juu kipashe kwanza, na kikiingia kwenye suuza ya baridi, cha chini kichukue zamu.

Wekeni floti ya kuzuia hita kuwaka beseni likiwa tupu, na msisahau waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, kwenye boksi lenyewe pamoja na breka inayokata umeme unapovuja. Boksi la chuma lenye maji na mtu aliyelowa mikono si mahali pa kubana gharama.

MpishiMkuu_AreaD alijibu:

Waheshimiwa, nimewasoma kwa makini na mahesabu yenu nayaheshimu, lakini mimi ninayesimama jikoni naona mnapita mbali na kinachoua mashine hizi. Si ukuta wala pampu. Ni mlenda. Majani yake yakikauka kwenye ukingo wa sahani hushika kama gundi, na yakilowa tena yanateleza yote kwa pamoja hadi kwenye chujio, yanatandaza utando wa kijani, na maji hayapiti. Chujio la matundu madogo kwa chakula chetu cha Dodoma litataka kufunguliwa kila baada ya mzunguko mmoja au miwili. Kama kulifungua kunahitaji bisibisi, mpishi hatalifungua.

Pili, atakayeendesha mashine hiyo ataishiwa sabuni maalumu, na atatia ile ya maji tunayooshea kwa mikono. Povu litajaa, pampu itazungusha povu badala ya maji, na mengine yatatokea mlangoni.

Tatu ni maji yetu. Birika la umeme hapa mjini linavaa ukoko mweupe baada ya muda mfupi, nalo ni birika tu. Hita yenu itakuwaje?

Kwa maoni yangu, masinki matatu ya kuosha, kusuuza na kutakasa, pamoja na kijana mmoja mwenye bidii, bado yanamtosha mtu anayelisha watu wa kiasi hicho. Kama ni lazima mashine, basi atengenezewe ya vikombe peke yake.

FundiBati_Kizota aliandika:

Nawashukuru nyote. Mkuu wa Area D, hoja ya chujio imenigusa, na nitaifikisha kwa mteja pamoja na pendekezo la kuanza na chumba cha vikombe. Kwa kuwa vyumba sasa vinakuwa juu na chini, naweza kutengeneza cha juu kama mashine kamili yenye miguu yake, kisha cha chini kikaingizwa baadaye endapo atataka. Nimebakiwa na maswali mawili kwa Mhandisi: ukoko wa maji nauzuiaje, na je, simtanki la mita tatu lina msukumo wa kutosha?

Mhandisi_Nghonghonha alijibu:

Mpishi amesema kweli kuhusu chujio. Lifanye la ndoo, lenye mpini, linyanyuke kwa mkono mmoja mlango ukiwa wazi, na juu yake uweke sinia lenye matundu mapana la kuzuia makapi makubwa. Hapo juu kwenye vikombe chujio dogo linatosha. Majani ya chai hayana ukaidi wa mlenda. Sitakubaliana naye kuhusu masinki matatu, kwa sababu ukijaza kila sinki lita 30 na kubadilisha maji inavyopasa, simtanki halitafika jioni siku za mgao.

Ukoko mweupe ni chokaa inayotengana na maji yanapopashwa moto. Dawa yake ni silinda moja ya resini ya kulainishia maji, inayofungwa kabla bomba halijagawanyika, ihudumie vyumba vyote viwili na isafishwe kwa maji ya chumvi. Tumia chumvi ya mawe iliyo safi. Ile ya mezani iliyosagwa laini hushikana na kuziba.

Mita tatu za mnara zinakupa bari 0.3 hivi. Valvu nyingi za umeme za mashine za nyumbani hutegemea msukumo wa maji kufungua kiwambo chake, na kwa kiwango hicho zinaweza zisifunguke kabisa. Tafuta valvu inayofunguka bila kutegemea msukumo, au tumia valvu yenye tufe ndani yake linalozungushwa na mota. Maji yaingie kwa kudondoka kutoka juu, pakiwa na nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na kina cha juu kabisa cha maji, bomba lisizamishwe ndani ya beseni. Mgao ukianza na mabomba ya mtaa yakawa matupu, yananyonya, na bomba lililozama litavuta maji machafu na kuyapeleka kwenye maji ya kunywa.

Mabomba ya kutolea maji ya vyumba viwili yasiungane chini ya mashine. Kila moja lipande kwanza juu ya kina cha beseni lake, liwe na valvu ya kuzuia kurudi, ndipo yakutane kwenye sinki la kumwagia.

Kabla hujakata bati la chumba cha chini, jaribu cha juu kwa vikombe vilivyopakwa uji ukaachwa ukauka usiku kucha, ukivipanga hadi kwenye kona zote. Kikombe kitakachotoka na uji kitakuonyesha mahali ambapo mkono haufikishi maji, na hapo utaongeza tundu au kusogeza kizimba. Jaribio la pili ni la harufu: paka vikombe vichache mafuta ya samaki, vioshe, kisha katika mzunguko unaofuata osha vikombe visafi na uvinuse vikiwa bado vya moto.