Tupeane uzoefu: chuo cha akiba ambacho mtoto atakwenda bila kununa

Wakuu, habari zenu. Hii ni kwa tulio Marekani na watoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Wa kwangu darasani yuko vizuri mno. Orodha yake ina vyuo kumi, na tisa kati ya hivyo vinakataa zaidi ya waombaji tisa katika kila kumi. Cha kumi kakiweka kwa sababu mshauri wa shule kamwambia lazima awe na cha akiba, yaani chuo ambacho ana uhakika wa kupokelewa hata vingine vyote vikimkataa. Nikamuuliza, "Ukibaki na hiki tu, je?" Akanyamaza, akarudi kwenye simu yake. Mliopitia haya, mlichaguaje?

Mama wa watatu, Texas
Pole mwaya. Hapa kwetu aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anapokelewa moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, isipokuwa UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas cha mjini Austin) ambao kiwango chao ni kikali zaidi. Tukalala usingizi. Barua ilipokuja, binti kapokelewa chuoni ila uhandisi kakosa! Kumbe ni milango miwili. Kwa hiyo akiba ipimeni kwa fani, siyo kwa jina la chuo. Wa pili tulimwekea chuo chenye kitengo cha Honors, yaani cha wanafunzi wanaofanya vizuri sana: madarasa madogo, anajiandikisha masomo mapema kuliko wenzake. Ndiko aliko, na likizo tunambembeleza arudi nyumbani.

Baba wa Iowa
Sisi tulipiga hesabu mezani kwa kalamu. Vyuo vikuu vya umma vya hapa vina kipimo kinachojumlisha maksi na masomo uliyosoma. Ukifika alama 245 na umetimiza masomo ya lazima, umeingia. Kijana alijua amepata kabla hajatuma fomu. Lakini kilichomvuta Iowa State, kimoja cha vyuo hivyo, siyo hizo 245. Ni mgonjwa wa kompyuta, akagundua ile mashine ya Atanasoff na Berry, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliundwa pale pale chuoni, mjini Ames, kati ya 1939 na 1942. Toka siku hiyo chuo kikawa chake. Mtafutie mwanao kitu cha namna hiyo, hata kiwe kidogo.

Na mkitaja akiba, tajeni na mfuko. Tangu 2011 vyuo vinalazimika kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Chuo kinachokupokea halafu kikakushinda kulipa hakikuwa akiba.

Niliyekuwa huyo mtoto
Samahani wazee wangu, naomba niseme kwa upande wetu. Mimi nilikwenda kwenye akiba yangu bila kuitembelea. Masomo yalikuwa mazuri, walimu wananijua kwa jina. Shida ilikuwa wikendi. Ijumaa saa tisa mchana maegesho yanabaki matupu, kila mtu kaenda kwao. Jumamosi nakula peke yangu, mhudumu ananiwekea kuku wa ziada kwa huruma, na saa moja jioni ukumbi unafungwa. Mwaka wa pili nikahama. Watembelezaji wa wageni wanafanya kazi Jumanne saa nne asubuhi, chuo kikiwa kimechangamka. Nendeni Jumamosi usiku.

Mama wa watatu, Texas
Ukweli mtupu huo. Mimi nilikuwa naogopa huyu wa pili atachoshwa na "wasio wa kiwango chake". Akanijibu, "Mama, kwani maktaba yao ina vitabu vyepesi?"

Mrejesho kutoka kwa mleta mada
Nimewasikia. Cha kumi kimefutwa, viwili vipya vimeingia, na vyote tumevipigia hesabu ya ada. Kimoja tulikifikia Jumamosi, nikamwacha kwa saa tano za usiku na vijana wa klabu ya roboti, mimi nikakaa garini na chai yangu ya chupa. Aliporudi alikuwa ananuka popkoni. Hakusema kitu. Jana nimemkuta anaangalia kama kuna basi la kutoka mji ule hadi Chicago. Na mimi sijasema kitu.